Kiasi cha sumu hakitoshi: tunavyopima tope la lango la bandari kabla ya kulitibu

Tope la lango la bandari, yaani njia ya maji ambayo meli hupita kuingia na kutoka, likihitaji kuchimbwa na kutibiwa, swali la kwanza ninaloulizwa na wenye bandari ni lilelile: tope hili lina sumu kiasi gani? Ni swali la haki, na maabara yoyote nzuri italijibu kwa miligramu kwa kilo. Lakini jibu hilo, likiwa peke yake, halimwambii mhandisi achague tiba gani. Tope la sehemu mbili za lango moja linaweza kuwa na metali ya risasi kiasi kilekile, la kwanza likatibika kwa kutenganishwa na mchanga wake tu, na la pili likagoma kuganda kwa saruji hadi mchanganyiko wote ubadilishwe. Kinachoamua ni jinsi sumu ilivyokaa: imeshikwa na nini, imefika kina gani, na imelala ndani ya maji mengi kiasi gani.

Kazi huanza mezani. Nataka ramani za vipimo vya kina za miaka iliyopita, moja juu ya nyingine, nione wapi palichimbwa na wapi pamejaa tena. Nataka kujua karakana za meli zilikuwa wapi, chelezo cha kukwangulia rangi kilikuwa upande gani, gati la mafuta lipo wapi, na mifereji ya maji ya mvua inamwaga wapi. Karakana iliyofungwa zamani huenda haina hata ukuta uliosimama, ila shaba, zinki na tributilini yake bado zimelala mbele ya ilipokuwa. Tributilini ni ile kemikali ya bati iliyotiwa kwenye rangi za chini ya meli ili mwani na makombe yasishike. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa kuzipiga marufuku rangi hizo ulipitishwa 2001, ukaanza kutumika 2008. Meli zilipakwa rangi nyingine. Tope halikuguswa, na mahali pasipo na oksijeni kemikali hiyo huoza polepole mno. Marubani wa bandari waliostaafu hunifaa kuliko mafaili mengi, maana wanajua meli gani ilizama wapi na shehena ipi ilimwagika. Na kama bandari iliwahi kupigwa mabomu vitani, bomba la sampuli haliteremshwi kabla eneo halijapimwa kwa vifaa vya sumaku.

Lango halina tope la namna moja. Katikati, ambako rafadha za meli kubwa husukasuka kila siku, mara nyingi utakuta mchanga na udongo mgumu. Tope laini hukimbilia kando, kwenye kona ambako mkondo wa maji unapungua kasi, na pembezoni mwa eneo la kugeuzia meli. Ndiyo maana sipangi vituo kwa mraba wa vipimo sawa peke yake. Mraba unanipa wastani wa kutetea mbele ya mamlaka ya mazingira, lakini vituo vya ziada naviweka pale ninapoona sababu ya sumu kuwepo.

Kifaa nacho kina maneno yake. Koleo la taya mbili linaloshushwa kwa kamba huzoa sentimita chache za juu, basi. Linatosha kueleza wadudu wa chini ya bahari wanaishi na nini leo. Kwa kazi ya kuchimba na kutibu halitoshi, kwa sababu tope chafu zaidi mara nyingi ni la zamani, limefunikwa. Hapo tunatumia bomba refu linalotetemeshwa hadi lizame. Na bomba hilo hudanganya usipokuwa macho: limezama mita 3, lakini ndani unapata mita 2.4 za tope, kwa kuwa limejishindilia au sehemu yake haikuingia. Ukiandika kina cha tabaka bila kusahihisha tofauti hiyo, umesogeza mpaka wa sumu juu kuliko ulipo. Vilevile, kina lazima kihesabiwe kutoka kwenye kiwango cha rejea cha ramani ya bahari, maji kupwa na kujaa yakiwa yameondolewa kwenye hesabu. Mchimbaji hafuati uso wa maji wa siku uliyochukua sampuli.

Haya si mambo ya kuchokonoa tu. Chukua lango lenye urefu wa kilomita moja na upana wa mita 100. Ukikosea mpaka wa tope chafu kwa nusu mita, umekosea mita za ujazo 50,000, ama zilizotibiwa bure, ama zilizoachwa chini na sumu yake. Pale Minamata, Japani, iliamuliwa kwamba tope lote lenye zebaki zaidi ya miligramu 25 kwa kilo liondolewe. Kazi ilianza 1977 ikaisha 1990, na mita za ujazo zipatazo milioni 1.5 zikaishia nyuma ya kuta, zikawa hekta 58 za ardhi mpya. Kila sentimita ya mstari ule wa 25 ilikuwa na bei yake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba bomba lipite chini ya kina kinachokusudiwa. Kuchimba kukishaisha, kutabaki uso mpya wa bahari ambao jana ulikuwa umefichwa. Kama uso huo ni mchafu kuliko ule ulioondolewa, tumewafukulia samaki kitu ambacho kilikuwa kimezikwa salama.

Bomba likipasuliwa kwa urefu, nalikata kwa kufuata rangi na umbile la tope, rula ikija baadaye. Mstari mweusi wa sentimita nane wenye harufu ya dizeli hauchanganywi na udongo wa kijivu ulio chini yake eti kwa sababu fomu inasema kata kila sentimita 50. Wengine huniuliza kwa nini nisiyatambue matabaka kwa miaka, kwa kupima seziamu-137, chembe zenye mionzi zilizoanguka kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele karibu 1963. Ziwani au kwenye ghuba tulivu, hilo hufanya kazi vizuri sana. Katika lango la meli, lililochimbwa na kuvurugwa mara kwa mara, mpangilio wa miaka huwa umeshachanganyika, na mara nyingi fedha hiyo ingenunua vituo zaidi vya sampuli.

Kuchanganya sampuli kuna mahali pake pia. Tuseme sehemu tano za lango, nne zina zebaki miligramu 0.1 na moja ina 5. Ukizichanganya unapata 1.08, namba isiyoeleza sehemu hata moja. Kwa kuchora mpaka wa uchafu huo ni upotoshaji. Kwa majaribio ya tiba, ambako nahitaji mapipa ya tope la wastani, mchanganyiko ndio unaotakiwa, ilimradi umetoka kwenye eneo ambalo kweli litatibiwa kwa pamoja.

Sasa oksijeni. Tope jeusi la bandari ni jeusi kwa sababu ya salfaidi za chuma, na salfaidi hizo hizo ndizo zinazozishika kadimiamu, risasi, shaba na zinki zisiyeyuke. Ukiacha chombo wazi, weusi unageuka kahawia mbele ya macho yako, na metali zinaanza kulegezwa. Kwa hiyo vyombo hujazwa, hufungwa upesi, huwekwa gizani kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Kioo kwa kemikali za mafuta na PCB (kemikali za klorini zilizotumika zamani kwenye transfoma), plastiki safi kwa metali. Na ile harufu ya yai viza isichukuliwe kama mzaha. Gesi ya salfaidi ya haidrojeni ikizidi, pua huacha kuinusa, na ukimya huo wa pua ndio hatari. Tunafungua mabomba mahali penye upepo, na kipima gesi kikiwa kifuani.

Namba zikirudi kutoka maabara, kabla ya kuangalia ni kubwa au ndogo, naangalia zimeandikwa kwa misingi gani. Tope lenye maji asilimia 60 likiwa na miligramu 80 za risasi kwa kilo ya tope bichi, hiyo ni miligramu 200 kwa kilo ya tope kavu. Viwango karibu vyote vya udhibiti ni vya tope kavu. Hata hilo kavu lina chumvi ya bahari iliyobaki baada ya maji kukauka, gramu kama 20 kwa kilo ya tope bichi la namna hiyo, na inapunguza namba kidogo bila mtu kujua. Tributilini ndiyo mbaya zaidi: maabara moja huiandika kama bati, nyingine kama tributilini yenyewe, na tofauti ni mara 2.44. Nimeshaona mabishano makali ya vikao yakiisha pale mtu alipofungua ukurasa wa mwisho wa ripoti akasoma kipimo. Kisha kuna vipande vya rangi. Kipande kidogo kuliko punje ya mchele kikiingia kwenye chupa moja na kisiingie kwenye pacha yake, matokeo ya mahali pamoja hutofautiana vibaya. Sitafuti maabara ya kulaumu hapo; natazama tope kwa hadubini na kurudia sampuli kubwa zaidi, maana kuwepo kwa vipande hivyo ni habari muhimu kwa tiba.

Ukinilazimisha nibaki na kipimo kimoja zaidi ya kemia, nitachagua ukubwa wa chembe. Metali na kemikali nyingi hushika kwenye chembe laini, zile zilizo chini ya mikromita 63 (sehemu 63 za elfu za milimita), kwa kuwa zina eneo kubwa la uso na ndizo zinazobeba masalia ya viumbe. Mchanga hubeba kidogo sana. Tope lenye miligramu 40 za shaba kwa kilo na chembe laini asilimia 10 tu linaonekana safi, lakini kama shaba yote imo kwenye hizo chembe laini, zenyewe zina miligramu 400. Mhandisi akisikia hivyo anaelewa mara moja: tenga mchanga, utumike kwingine, tibu sehemu ndogo iliyobaki. Hamburg wamekuwa na kiwanda cha kutenganisha mchanga na tope laini la bandari yao tangu miaka ya 1990. Lakini peleka kwenye mtambo kama huo tope ambalo asilimia 90 ni chembe laini, utakuwa umelipia mashine za kutenga kitu ambacho hakipo.

Vipimo vya viumbe hai navipenda na kuviogopa kwa pamoja. Wadudu wadogo wa jamii ya uduvi wakiwekwa kwenye tope kwa siku 10, idadi ya waliopona inaeleza kile ambacho orodha ya kemikali haiwezi, hasa kemikali ambazo hakuna aliyefikiria kuzipima. Lakini tope la bandari huwa na amonia ya asili, na amonia huua uduvi vizuri tu. Usipoipima kwenye maji ya chombo, utaishtaki zebaki kwa kosa lisilo lake.

Baada ya hapo ndipo majaribio ya tiba yenyewe. Mara nyingi pendekezo ni kuligandisha tope kwa saruji, chokaa au slagi iliyosagwa, yaani masalia ya tanuri la chuma, kisha kulitumia kujazia nyuma ya ukuta wa gati. Watu hudhani saruji ni saruji. Masalia ya viumbe huchelewesha kuganda; zinki na risasi nazo huchelewesha; salfeti ikizidi huweza kulifanya bonge livimbe na kupasuka baadaye. Hivyo tunatengeneza mchanganyiko wa viwango kadhaa, kwa maji yaleyale ya chumvi na unyevu uleule litakaokuwa nao tope likitoka kwenye mashine ya kuchimbia, na kuvunja vipande baada ya siku 7, 28 na 90. Tope lililokaushwa maabara kisha likalowanishwa upya hutoa nguvu za kupendeza ambazo hutaziona kazini.

Nguvu si usalama, hata hivyo. Saruji hupandisha pH, kipimo cha asidi na alkali, kupita 12, yaani alkali kali, na risasi na zinki ni metali zinazoyeyuka kwenye asidi na kwenye alkali kali vilevile. Shaba hufuatana na masalia ya viumbe yanayoyeyuka katika hali hiyo, ikatoka zaidi kuliko ilivyotoka kabla ya kutibiwa. Nimeona bonge gumu kama jiwe likivuja shaba kuliko tope bichi lililotengenezwa nalo, na dawa ikawa kupunguza saruji na kuongeza slagi. Amonia nayo hufukuzwa na alkali ikawa gesi, jambo ambalo mafundi wa kuchanganya hulijua kwa macho yanayowawasha.

Kipimo cha kuvuja chenyewe lazima kilingane na mahali tope litakapokaa. Kile cha haraka, cha kutikisa kwa saa 24 katika maji mara 10 ya uzito wa tope kavu, kinataka kitu kilichosagwa. Ukisaga bonge umeharibu ile tiba uliyotaka kuipima, kwa hiyo nakitumia kwa tope bichi na kama hali mbaya kabisa. Bonge zima linazamishwa kwenye maji yanayobadilishwa kwa vipindi hadi siku 64, tukiangalia kasi ya kutoka kwa kila metali. Na kama tope la kujazia litaguswa na bahari, naomba pia jaribio la maji ya bahari, kwa sababu kloraidi ya chumvi ya bahari hushikana na kadimiamu na kuitoa kwa wingi ambao maji safi hayatauonyesha.

Maji yanayokamuliwa kutoka kwenye tope nayo yapimwe kabla mkataba haujasainiwa. Mifuko mikubwa ya kitambaa cha kuchujia hufanya kazi nzuri pale polima, kemikali ya kukusanya chembe zishikamane, inapoelewana na chumvi ya hapo. Polima iliyofaulu kwenye tope la mtoni inaweza isigandishe chochote baharini. Jaribio la mfuko mdogo ulioning'inizwa linaonyesha ndani ya siku moja au mbili maji yanatoka meupe au ya kijivu, na kama ni ya kijivu, yamebeba zile chembe laini na kila kilichoshika juu yake.

Nusu ya kila bomba huenda kwenye friza ikiwa na lebo ya kituo na kina, na hubaki humo hadi mkandarasi akabidhi kazi. Swali kuhusu tabaka la mita 1.6 la kituo fulani huja wakati mashine zipo kazini, na mahali hapo hapana tena tope la kwenda kuchukua.