Taka za sokoni Dodoma: tunasafirisha maji kwa dizeli

Katika kazi yangu ya usimamizi wa taka ngumu hapa Dodoma, ninaamini kwamba fedha nyingi huishia barabarani kabla taka hazijafika zinakofukiwa. Asubuhi, katika kizimba cha kukusanyia taka cha Soko la Majengo, majani ya kabichi, maganda ya ndizi na nyanya zilizopasuka hulundikwa pamoja na chupa na nailoni, ilhali kabichi peke yake ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Lori likiondoka kuelekea dampo la Chidaya, nje ya mji, huacha mchirizi mweusi unaonuka njia nzima.

Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2018 kwamba katika nchi za kipato cha chini taka za chakula na majani hufikia asilimia 56 ya taka zote. Zikifukiwa pasipo hewa, huzalisha methani, gesi inayochangia kuongeza joto la dunia. Jiji letu nalo limekua kutoka watu 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 katika sensa ya 2022, na sioni namna ya kuikimbiza kasi hiyo kwa kuongeza malori tu.

Ndiyo maana ninasisitiza taka zinazooza zitengwe sokoni penyewe na kugeuzwa mboji karibu na mji. Lundo la mboji huhitaji hewa na unyevu wa asilimia 50 hadi 60, na likienda vizuri joto lake hupita nyuzi 55, kiasi cha kuua mbegu za magugu na vimelea vingi. Adui wake hapa kwetu ni upepo wa kiangazi, ambao hukausha tabaka la juu upesi hata uozaji ukasimama. Kwa hiyo lundo liwe na kimo cha mita moja au zaidi, lifunikwe kwa magunia au nyasi, na maji yanayochuruzika yakusanywe na kurudishwa juu yake wakati bado ni bichi. Ukichukua mboji kiganjani ukaiminya, ishikamane na kutoa tone moja au mawili, basi.

Wapo wanaodai kwamba mboji haina soko. Ikiwa na vipande vya chupa, mkulima wa zabibu ana haki kabisa ya kuikataa. Usafi wake huamuliwa na mama muuza mboga na mzoa taka, watu tunaowadharau isivyo haki, kabla mtaalamu hajaigusa. Kwa sababu hiyo ningependa kila kizimba cha soko kigawanywe sehemu mbili, na mfanyabiashara anayetenganisha taka zake apunguziwe ada ya uzoaji.