Kabla ya Kujenga Kituo Jumuishi cha Watoto na Familia

Tangu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM) izinduliwe Dodoma Desemba 2021, vijiji, makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama wamekuwa wakija ofisi za ustawi wa jamii wakitaka kufungua vituo. Tunawashukuru. Ila wengi huja jengo likiwa limeshaezekwa na katuni zimeshachorwa ukutani, wakiomba "mhuri tu". Mhuri wa namna hiyo hatuna.

Programu inamtazama mtoto wa miaka 0 hadi 8 kwa mambo matano yanayokwenda pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (mlezi kutambua anachohitaji mtoto na kumjibu kwa upendo), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Chukueni Iringa. Mahindi yapo, maharage yapo, maziwa yapo. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani humo wamedumaa, wakati kitaifa ni asilimia 30. Mama akiondoka alfajiri kwenda shambani, mdogo hubaki na dada yake na uji wa sembe mtupu hadi jioni. Kituo cha kuimbisha herufi kuanzia saa mbili hadi saa sita, kisicho na jiko wala mtu wa kuongea na wazazi, hakijamfikia mtoto huyo.

Kwa hiyo pangeni kwanza saa za kufungua, chakula, na siku ya wazazi. Zahanati msijenge, kubalianeni na iliyopo ije kupima uzito na kuchanja. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliye chini ya miaka 5 muulizeni mtendaji wa kata au kliniki, kwa sababu RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, imeshusha huduma hiyo huko.

Sasa vibali. Ardhi ya kijiji hutolewa na halmashauri ya kijiji kwa ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na muhtasari uwe na saini. Ahadi ya mwenyekiti kwa mdomo haitoshi. Leseni ya kituo cha kulelea watoto mchana hutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Maombi hupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, naye hukagua ndipo apendekeze. Leseni ya biashara si kibali hicho. Cheti cha usajili wa kikundi si kibali hicho. Barua ya mtendaji, nayo, si kibali hicho. Mkiweka darasa la awali ndani ya uzio huohuo, darasa hilo linasajiliwa kama shule, upande wa elimu.

Tunaulizwa mno kama mlezi anaruhusiwa "kumchapa kidogo" mtoto msumbufu. Kwenye kituo, hapana. Kifungu cha 13 cha Sheria hiyo ya Mtoto kinakataza mateso na adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha mtoto. Kifungu cha 14 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Anayejua haki ya mtoto inavunjwa naye ana wajibu wa kutoa taarifa, kwa kifungu cha 95. "Sikutaka kugombana na majirani" si utetezi tunaoweza kuupokea. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116.

Kwa kikao cha kwanza na afisa, mchoro wa mkono kwenye daftari unatosha. Andikeni pia idadi na umri wa watoto mnaowatarajia, nani atawalea, jina la zahanati ya karibu, na maji yatatoka wapi. Msingi usichimbwe kabla ya kikao hicho.