Monita ya gemu: hezi kwenye boksi na paneli iliyo ndani

Ulizia monita ya gemu Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utajibiwa kwa namba: hii 144, hii 165, ile pale 240. Hizo ni hezi, yaani kioo kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Bei nayo inapanda na namba. Aina ya paneli, yaani kioo chenyewe, haitajwi mpaka uulize, na ukiuliza mara nyingi unaambiwa "hiyo ni LED", jibu lisilokusaidia chochote, maana LED ni taa ya nyuma ya kioo, si kioo chenyewe. Ndiyo maana maneno mengi yanayozunguka kuhusu monita hizi ni nusu kweli.

"Jicho halioni zaidi ya fremu 60"

Husemwa zaidi na wenye monita za hezi 60. Wengine huleta ushahidi wa sinema: mbona filamu ni fremu (picha) 24 kwa sekunde na hakuna anayelalamika? Lakini kamera ya filamu imeshauchanganya mwendo ndani ya kila fremu, na wewe unatazama tu, huigeuzi kwa mkono wako. Kwenye gemu, picha moja hubaki imetulia kiooni mpaka inayofuata ifike, ilhali jicho lako linamfuata adui bila kusimama. Ukungu unaouona unatoka hapo. Kitu kinachokatiza kwa pikseli (nukta za picha) 960 kwa sekunde huacha ukungu wa pikseli 16 kwenye hezi 60, pikseli 8 kwenye 120, na 4 kwenye 240. Weka monita ya 60 na ya 144 kwenye meza moja, zungusha kishale cha mausi kwenye kila moja, ubishi utaisha papo hapo.

"Basi hezi zikizidi, na raha inazidi"

Inazidi, ila kwa kipimo kinachopungua. Kwenye hezi 60 kila fremu hukaa milisekunde 16.7. Kwenye 144 hukaa 6.9, kwenye 240 ni 4.2, kwenye 360 ni 2.8. Kutoka 60 hadi 144 umeokoa karibu milisekunde 10. Kutoka 144 hadi 240 umeokoa chini ya 3, na hatua inayofuata ni moja na kitu. Bei haipungui kwa mwendo huo. Kwa maoni yangu, ukishafika 144 au 165, shilingi inayofuata iende kwenye paneli, labda uwe mtu wa kushindana kwenye gemu za risasi.

Na hezi hazijazi fremu. Kadi yako ya grafiki ikitoa fremu 70, monita ya 240 itakuonyesha hizo hizo 70. Hapo FreeSync au G-Sync, zinazoifanya monita iisubiri kadi ili picha isikatike katikati, zitakufaa kuliko namba kubwa ya boksi.

"240 ni 240, paneli yoyote ile"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Hezi zinaeleza kioo kinaamriwa mara ngapi kubadilisha picha. Hazielezi kama kimetii. Kutii ni kazi ya paneli, na za kawaida ni aina tatu: TN, IPS na VA.

TN hutii haraka, lakini rangi zake ni hafifu, na ukiitazama kutoka chini picha inageuka. Monita za BenQ Zowie, ambazo kwa miaka mingi zimetumika kwenye mashindano makubwa ya gemu ya risasi ya Counter-Strike, zimejengwa kwa TN. Wachezaji wale wanatafuta kichwa cha adui, si machweo ya jua. IPS ina rangi nzuri na haikusumbui ukikaa pembeni, ila nyeusi yake ni kijivu: kontrasti ya kawaida (nyeupe ikilinganishwa na nyeusi) ni kama 1000 kwa 1, hivyo gemu ya usiku kwenye chumba chenye giza huacha pembe za kioo ziking'aa. VA hufika 3000 kwa 1 na kuendelea. Nyeusi inakuwa nyeusi kweli.

Udhaifu wa VA ni pale pikseli inapotoka nyeusi kwenda kijivu kilichokoza. VA nyingi za bei ya chini huchukua zaidi ya milisekunde 20 kwenye badiliko hilo. Sasa pigia hesabu: kwenye hezi 240 fremu ina milisekunde 4.2, yaani karibu fremu tano zimeshaagizwa na pikseli bado inahangaika na agizo la kwanza. Matokeo yake ni moshi mweusi unaoburuzwa nyuma ya mhusika kila akipita kivulini. Si VA zote ziko hivyo. Samsung Odyssey G7 ya 2020 ilionyesha kuwa VA ya hezi 240 inaweza kukimbia. Lakini haikuwa ya bei ya kutupa.

Dukani utakuta video ya samaki na maua, iliyotengenezwa ipendeze kwenye kioo chochote. Omba itolewe. Fungua ukurasa mweusi wenye maandishi ya kijivu, upandishe na kuushusha haraka. Kwenye VA mbovu maandishi hufifia ukurasa unapotembea, yakarudi ukiuachia. Kisha weka picha nyeusi tupu, ijae kioo kizima, ukague pembe zote nne. Halafu zunguka nyuma, piga picha lebo yenye jina kamili la modeli ukalitafute mtandaoni kabla ya kulipa. Herufi moja mwishoni inaweza kuwa paneli nyingine kabisa.

"Imeandikwa 1 ms, kwa hiyo haina ukungu"

Mara nyingi hiyo 1 ms (milisekunde moja) ni badiliko moja lililochaguliwa, likapimwa ovadraivu, yaani msukumo wa kuharakisha pikseli, ikiwa juu kabisa. Iwashe hivyo nyumbani uone: badala ya ukungu mweusi unapata kivuli cheupe kinachofuata kila kitu. Ovadraivu ya kati ndiyo inayotumika na watu wenye akili zao.

"PS5 inahitaji monita ya 240"

PS5 haivuki 120, na gemu yenyewe lazima ikubali. EA FC, gemu ya mpira ambayo ndiyo inayochezwa zaidi kwenye vibanda vyetu, ni fremu 60 kwenye PS5. PS4 haivuki 60 kwa lolote. Kwa mtu wa mpira, IPS nzuri ya kawaida inaonyesha majani na jezi vizuri kuliko 240 yenye paneli duni. Hata monita ya ofisi iliyotumika, zile Wakenya wanaziita ex-UK, inatosha kama ni IPS na ina mlango wa HDMI.

"Hezi nyingi zinaondoa kuganda"

Kuganda gani? Ukicheza Counter-Strike kutoka Dar es Salaam, seva za karibu ziko Johannesburg na Dubai. Ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi kwenye seva, monita haiigusi.

"HDR kwenye boksi ni HDR"

HDR ni picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. "HDR10" inamaanisha monita inaipokea ishara hiyo, basi. Cheti cha DisplayHDR 400 kinahitaji mwangaza wa niti 400, bila kulazimisha taa za nyuma kuzimika sehemu kwa sehemu. Kwenye IPS ya kawaida utakachopata ni kijivu kinachong'aa zaidi. Mimi huizima.

"Nimechomeka, tayari napata 144"

Mara nyingi Windows huiacha kwenye 60. Ingia Settings, System, Display, kisha Advanced display, uchague mwenyewe. Kama 144 haionekani kwenye orodha, angalia waya: umechomekwa kwenye kadi ya grafiki au kwenye ubao mama? Monita nyingine hutoa hezi zote kwa mlango wa DisplayPort tu, HDMI yake inaishia chini.

"OLED imemaliza mjadala"

Karibu iumalize. OLED ni paneli ambayo kila pikseli hujiwashia mwanga wake, tofauti na LCD (TN, IPS na VA) zinazotegemea taa ya nyuma. Tangu Alienware AW3423DW ya kampuni ya Dell ilipotoka mwaka 2022 ikiwa na QD-OLED (aina mojawapo ya OLED) ya hezi 175, watu waliona nyeusi kamili na pikseli zinazobadilika kwa chini ya milisekunde moja kwenye kioo kimoja. OLED ya 240 hutoa mwendo safi kuliko LCD nyingi zenye hezi zaidi, kwa sababu agizo linatiiwa papo hapo. Lakini OLED huchoka. Ramani iliyoganda kwenye kona kwa saa nane kila siku, au upau wa Windows pale chini, huweza kuacha alama isiyofutika. Dell waliiwekea modeli ile waranti ya miaka mitatu inayogusa tatizo hilo. Iliyoletwa na mtu kwenye begi kutoka nje, muulize ni nani atakayeipokea ikiharibika, na akuandikie kwenye risiti.