Je, wajua kwa nini kompyuta inamuweka Zuberi mbele ya asha?

Juzi nilikuwa napanga listi ya michango ya harusi kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, majina nimekopi vilevile watu walivyoyaandika kwenye grupu la WhatsApp, nikaandika sorted(majina) nikajua kazi imeisha. Ikatoka Baraka, Neema, Zuberi, halafu asha chini kabisa kama vile kachelewa kuchanga. Nikadhani nimekosea mahali, wala.

Ishu iko hivi, kompyuta haijui a be che de, inajua namba. Stringi, yaani yale maandishi unayoyafungia kwenye alama za kunukuu, kwake ni namba zimepanga foleni, kila herufi na yake. Andika ord("Z") inakujibu 90, andika ord("a") inakujibu 97, na 90 ni ndogo kwa 97 kwahiyo Zuberi anapita. Herufi kubwa zote zimekaa 65 mpaka 90, ndogo 97 mpaka 122.

Sasa nani aliamua kubwa zitangulie? Namba hizo zinatoka kwenye ASCII, mpangilio wa Wamarekani wa kuzipa herufi namba, wa mwaka 1963, na toleo lile la kwanza halikuwa na herufi ndogo hata moja! Ndogo zikaja kuwekwa kwenye nafasi zilizobaki mbele, toleo la 1967 ndo likawa nazo, na Unicode, mpangilio mpana zaidi tunaotumia leo, ikarithi namba zilezile. Yaani asha wangu anakaa mwisho kwa maamuzi ya miaka ya sitini.

Dawa ni fupi, sorted(majina, key=str.lower), hapo inalinganisha kama vile yote yameandikwa kwa ndogo ila majina yenyewe haiyagusi. Kuna mmoja alianza jina lake na spesi, spesi nayo ni namba 32, akapaa juu ya wote, huyo nikamsafisha na strip(), inayofuta spesi za pembeni.

Nikapanga na hela, ikaja "100000", "20000", "5000", nikafurahi nikasema safi, imeanza na waliotoa nyingi, kumbe zile nazo zilikuwa stringi, inaanza kulinganisha na tarakimu ya kwanza, 1 kisha 2 kisha 5. Nilishtuka baada ya kumuona aliyetoa "50000" yuko mwisho kabisa, chini ya mwenye elfu tano. Nikazipitisha zote kwenye int(), inayogeuza stringi kuwa namba kamili, kabla hajaiona mwenyewe.