Kansa Si Uji: Mgonjwa Huulizwa

Juma lililopita kijana mmoja alinivuta kando kwenye veranda kabla mama yake hajaingia chumbani kwangu. "Sista, nakuomba, usimwambie ni kansa. Sema ni vidonda vya tumbo. Akijua ukweli hatafika kesho." Nikamwambia mama ni mtu mzima, nitamuuliza mwenyewe anataka kujua nini. Akanijibu kwa methali: "Mgonjwa haulizwi uji."

Mimi ni muuguzi hapa Kisumu, na kwa miaka kadhaa sasa nimo kwenye huduma ya tiba shufaa, ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, ile ambayo wengi huiita hospisi. Ombi la kijana huyu nalipata karibu kila siku ya kliniki. Hulileta mwalimu kutoka Vihiga, mvuvi kutoka Usenge, mfanyabiashara wa Busia, na hata wenzangu wa kazi wanapouguliwa na mzazi. Wote huomba kwa mapenzi, nami sina shaka na mapenzi yao. Lakini nimeona ombi hili linavyoharibu, na nimechoka kulijibu kwa kunong'ona verandani, mtu mmoja mmoja.

Tuanze na methali yenyewe. Mgonjwa haulizwi uji kwa sababu uji haumdhuru na pengine hana hata nguvu za kuuomba. Unaukoroga, unampelekea. Kansa si uji. Kwa ajili ya kansa mtu atakatwa titi, atawekewa mpira wa kulishia, atatapika baada ya kila dripu, atauza ng'ombe. Anayeyapitia hayo yote akidhani anatibiwa vidonda vya tumbo hajakubali chochote. Amepelekwa tu.

"Akijua, atakufa kwa mshtuko." Katika miaka yangu yote sijaona mgonjwa aliyefia kitini kwa kuambiwa jina la ugonjwa wake. Nimeona wanaolia. Nimeona wanaonyamaza wakatazama dirishani nusu saa nzima, wanaonikasirikia, wanaorudi wiki inayofuata na kuniomba nianze upya kwa sababu hawakusikia lolote baada ya lile neno. Wapo ambao huzuni huwashika isiondoke, wakahitaji mshauri nasaha. Lakini mshauri ataanzia wapi na mtu ambaye nyumbani kote imekubaliwa kwamba hana kansa? Kinachoua ni uvimbe unaoziba koo, ni damu kuisha mwilini, ni figo kushindwa baada ya uvimbe wa mlango wa kizazi kuziba njia ya mkojo. Hayo hayasubiri mtu ajue ndipo yaanze.

Tena mara nyingi mwenyewe anajua tayari. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya mara mbili. Kliniki hukaa benchi moja na watu waliopukutika nywele, nao huzungumza. Watoto wamekuja kutoka Nairobi katikati ya mwezi, na kila akiingia sebuleni mazungumzo hubadilika. Amekosa tu wa kusema naye, maana kila aliye karibu naye amekula kiapo cha kumficha.

Kuna mzee mmoja wa Seme ambaye siwezi kumsahau. Nimebadilisha machache asije akatambulika. Alikuwa na kansa ya umio, kansa tunayoiona sana pande hizi za magharibi, na alifika kwangu akiwa hamezi ila uji. Dholuo yangu ni ya kusikia kuliko kusema, hivyo kifungua mimba wake akajitolea kutafsiri. Nikasema kwa Kiswahili: hii ni kansa, imeziba njia ya chakula. Kijana akamgeukia baba yake akasema *adhola*. Adhola ni kidonda. Mzee hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi, kofia ameishika kwa mikono miwili juu ya magoti, akangoja niseme kitu. Nikanyamaza. Niliogopa kumwaibisha kijana mbele ya baba yake, basi nikaandika dawa, wakaenda zao. Kosa hilo ni langu.

Jaduong', yaani mzee huyo, alikuwa amepanga kwamba Desemba, watu wakisharudi nyumbani, atamtoa huyo kifungua mimba akaanzishe boma lake, *goyo dala* kama Wajaluo wanavyoita. Baba ndiye humwongoza mwanawe hadi kwenye uwanja mpya, na jogoo, na shoka, na moto. Baba akiwa amekwisha kufa, ndugu yake husimama badala yake, lakini waulize waliotolewa na ami zao kama ni sawa. Mzee alifariki Oktoba. Angejua Julai, kazi hiyo angeifanya Agosti, angali anaweza kutembea na fimbo. Aliyenieleza haya ni kijana mwenyewe, miezi baadaye, amekaa kwenye kiti kilekile. Sikuwa na la kumjibu.

Na si boma peke yake. Sheria ya Urithi ya Kenya hukubali wosia wa mdomo ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, ikiwa aliyeusia atafariki ndani ya miezi mitatu. Mtu mwenye "vidonda vya tumbo" ataita mashahidi wa nini? Namba ya siri ya M-Pesa, deni la sacco, ng'ombe aliowaweka kwa rafiki huko Nyakach, mtoto ambaye mke wake hamjui: huondoka na yote kifuani, na matanga hayajaisha kesi zimeanza.

Wengine huniambia ni juu ya daktari na familia kuamua. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 haisemi hivyo. Kifungu cha 8 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa mwenyewe hali ya afya yake, vipimo na matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake, gharama zake, na haki yake ya kukataa. Kinataka aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa kadiri ya kisomo chake. Mwanya ni mmoja: pale penye ushahidi wa kutosha kwamba kuelezwa hali yake kungekwenda kinyume na maslahi yake. Hofu ya mwana haitoshi kuwa ushahidi. Kisha watu husahau jambo jingine. Yule kijana wa verandani alikuwa amekwisha kuambiwa ugonjwa wa mama yake kabla ya mama mwenyewe, na hakuna aliyemwomba mama ruhusa. Habari za mgonjwa ni siri, kifungu cha 11 cha sheria hiyo hiyo, na mwenye siri ni mgonjwa. Hapa lawama ni yetu wahudumu. Ni sisi tunaoita mwana aliyevaa vizuri ofisini tukamwacha mzazi benchini.

Likishindikana hilo, hubaki la mwisho: "Hayo ya kuambiana ukweli ni mambo ya Wazungu." Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1961, madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa kama humwambia mgonjwa kwamba ana kansa. Asilimia 90 walipendelea kutomwambia. Maswali yale yale yaliporudiwa huko Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 1979, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Kuficha kulikuwa kwao pia, wakakuacha. Upande wetu, nani hajasikia habari za babu aliyeita watoto kitandani, akawagawia maneno ya mwisho mmoja baada ya mwingine? Babu huyo alijua anakufa, na hakuna aliyethubutu kumwambia vinginevyo.

Basi mimi hufanya nini? Huuliza. Huvuta kiti, hukaa chini macho yetu yakutane, nikasema: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Halafu: "Ungependa nikueleze wewe yote, au machache, au nimweleze mtu mwingine?" Mama wa yule kijana alifikiri kidogo akanijibu, "Jina lake mwambie huyu mwanangu. Mimi niambie tu kama nitaweza kulala." Tukaishia hapo siku hiyo. Kutotaka kujua nako ni haki yake, kwa sababu aliyeamua ni yeye. Kijana alitoka akiwa amenyamaza; hakuwa ametegemea kwamba mama yake ana jibu.

Ombi langu kwa wanaoleta mgonjwa ni haya: msimfanye mtoto wenu mkalimani, tutafuteni muuguzi anayejua lugha. Msinivute verandani. Njoni na daftari, maswali yameandikwa nyumbani, mgonjwa mwenyewe akiwapo mlipoyaandika. Wala msinidai tarehe. "Daktari alisema miezi mitatu" ni maneno yanayozunguka kila kijiji, na mimi simtajii mtu idadi ya miezi. Husema wiki, au miezi, au huenda mwaka, na kwamba naweza kukosea.

Mengine ninayoambiwa na watu nitayapitia haraka.

"Mofini ni dawa ya kummalizia mtu." Hili nalo hunikera, kwa sababu watu hulala wakipiga mayowe na chupa ipo kabatini. Mofini, dawa ya maumivu makali, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Ile ya kunywa hutolewa kila baada ya saa nne, tunaanza na kidogo, tunapandisha kufuata maumivu. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa husinzia, na mara nyingine ni deni la usingizi wa wiki nzima analolipa. Choo huwa kigumu, na hilo haliishi lenyewe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku ile ile; ukiiacha mgonjwa atakataa mofini, na atakuwa na sababu. Mwili kuizoea si uteja. Tukitaka kuiacha tunapunguza polepole. Chupa hulaumiwa kwa sababu mgonjwa huletwa kwetu amebakiza siku chache, akaonja mara mbili, akafa. Nunueni daftari la pili, mwandike saa ya kila kijiko. Na msingoje maumivu yarudi ndipo mmimine.

"Ukitia sahihi fomu ya upasuaji, umeuza haki yako ya kulalamika." Sahihi huonyesha kwamba ulielezwa ukakubali. Haifuti uzembe wa mtu yeyote, na malalamiko dhidi ya daktari hupokewa na baraza linalosimamia madaktari. Unaweza kubadili nia hata ukiwa juu ya kitanda cha magurudumu kuelekea thieta. Kama hukuelezwa, usitie sahihi. Omba uelezwe.

"Mwanamke hawezi kupasuliwa mpaka mume asaini." Mtu mzima mwenye akili timamu hujisainia, mwanamke kama mwanaume. Nasikitika kwamba dhana hii naisikia kutoka kwa wahudumu kuliko kwa wagonjwa. Nimeona mama akilazwa asubuhi, anafahamu kila kitu, amekubali kila kitu, kisha akasubirishwa hadi jioni kwa sababu simu ya mume aliye Mombasa haishiki. Kumshirikisha mume ni vizuri mama akitaka. Kumsubiri ili mwili wa mkewe upate ruhusa hakumo katika sheria yoyote ninayofanyia kazi.

"Wakisema kemo isimame wamemtupa, wanamuua." Kumuua mgonjwa, hata kwa kumhurumia, ni kosa la jinai Kenya, na hakuna anayelifanya kwetu. Mgonjwa akikataa kemo baada ya kuelezwa, hilo ni lake. Dawa ya kansa ikisimama, kazi yetu ndiyo kwanza inaanza: maumivu, kichefuchefu, kupumua, vidonda, na watoto wanaoogopa kuingia chumbani.

Vidonda hasa. Kansa ya titi ikipasua ngozi hutoa harufu inayofukuza watu, na mgonjwa huisikia kabla yao. Nilimtembelea mama mmoja kando ya barabara ya Ahero, amelazwa chumba cha nje, dirisha limezibwa kwa gunia, sahani yake imeachwa mlangoni. Tukaosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Nikamwonyesha binti yake jinsi ya kusaga tembe za metronidazoli kwa kijiko mpaka ziwe unga, aunyunyize juu ya kidonda, kisha shashi safi. Akasaga huku ameziba pua kwa leso. Nilipopita tena siku ya nne gunia lilikuwa limeondolewa dirishani, na binti amekaa juu ya kitanda nyuma ya mama yake, anamsuka.