Rangi Haikati Uzi: Dhana Potofu Kuhusu Kusokota Sufu Iliyotiwa Rangi

"Mwalimu, rangi yako imeikaanga sufu yangu." Maneno haya, au mengine yenye maana hiyo hiyo, nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa wateja na hata kwa wasokotaji wenye uzoefu. Mwezi uliopita niliyasikia tena kutoka kwa mama mmoja aliyepanda matatu kuja Nanyuki akiwa amebeba kigunia cha sufu nyekundu niliyomtilia rangi mimi mwenyewe. Kila alipoivuta kuisokota, ilikatika mikononi mwake. Alikuwa na haki ya kusikitika, kwa sababu alikuwa amelipia kazi ile na sweta la mwanawe lilikuwa linasubiri, lakini sababu aliyoitaja, kwamba rangi huidhoofisha sufu, haikuwa ya kweli, na imani hii imewafanya watu wengi mno waache kusokota sufu ya rangi na kubaki na nyeupe peke yake.

Nilimwomba shungi moja la sufu ile, nikalishika ncha zote mbili, nikalisogeza karibu na sikio na kulivuta kwa ghafla mara tatu. Shungi la sufu nzima hutoa mlio mmoja mkavu, kama uzi wa zeze unapodonolewa. Hili lilitoa sauti ya majani makavu yanayokanyagwa, na mara ya tatu likakatika. Tulijaribu mashungi 12, na 9 kati yake yalikatika mahali pale pale, kama sentimita 4 kutoka nchani. Hapo ndipo nilipomwomba afikiri pamoja nami: rangi huingia katika unyuzi wote, yaani kila unywele mmoja wa sufu, kuanzia shina hadi ncha, na sufu yote ilikaa katika sufuria moja kwa muda ule ule, hivyo rangi ingewezaje kudhoofisha sehemu moja tu na kuiacha iliyosalia ikiwa imara? Kwa bahati nzuri alikuwa amebakiza sufu nyeupe ya kondoo wale wale, ambayo haikuwahi kuona sufuria. Nayo ilikatika mahali pale pale.

Kondoo anapougua, anapokosa malisho au anapozaa akiwa amedhoofika, unyuzi unaoota katika majuma hayo huwa mwembamba na dhaifu, kisha hurudi kuwa mnene hali yake inapotengemaa. Unyuzi huo hubeba sehemu hiyo dhaifu hadi siku ya kukatwa manyoya. Mwaka 2022, ukame ulipokausha malisho ya Laikipia, sufu ya namna hii ilinifikia kwa magunia. Yule mama alikumbuka kwamba kondoo wake walikuwa wameugua na kukonda mwaka uliotangulia. Udhaifu ulikuwa umo ndani ya sufu kabla sijawasha moto.

Sidai kwamba sufu haiwezi kuharibika inapotiwa rangi. Huharibika, na mara nyingi, lakini mkosaji ni upishi na si rangi. Sufu ni protini, kama zilivyo nywele zetu, na unyuzi wake umefunikwa na magamba madogo madogo yanayoelekea upande mmoja. Huvumilia uchachu wa siki bila shida, lakini magadi huila. Nimeshuhudia watu wakitia magadi kwenye sufuria ya rangi ili, kwa maneno yao, "rangi iive haraka", kama wanavyofanya wanapopika maharage. Yale yanayolainisha maharage ndiyo yanayolainisha sufu hadi ikose nguvu, na sufu iliyopikwa hivyo hukauka ikiwa ngumu, yenye umanjano, na hukatika kila mahali, wala si mahali pamoja. Naomba magadi yabaki jikoni, na sabuni kali ya kufulia ibaki kwa mashuka.

Jambo la pili ni moto. Wengi huamini kwamba rangi haishiki mpaka maji yachemke kwa nguvu. Hapa Nanyuki, karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 93 hivi, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba kuchemsha huku kwetu hakuna madhara, kwa kuwa joto halifiki 100. Kuchemka kwenyewe ndiko kunakodhuru. Mapovu huisukasuka sufu, magamba ya nyuzinyuzi hunasana, na sufu hugandamana kama kipande cha blanketi kuukuu. Ukiitoa ikiwa moto na kuitumbukiza katika maji baridi ya bomba, huku ukiipikicha, basi umeikamilisha kazi hiyo ya uharibifu. Njia ninayoifuata ni kuiloweka sufu usiku kucha, kuitia katika maji ya vuguvugu yenye rangi na siki kidogo, kupandisha joto polepole kwa muda wa saa nzima hadi nyuzijoto 85, kulishikilia hapo kwa dakika 45, kisha kuuzima moto na kuiacha sufu ipoe ndani ya sufuria ile ile hadi asubuhi. Kipimajoto cha jikoni kinatosha. Kwa rangi za mimea natanguliza shabu, ambayo huisaidia rangi kushika, gramu 100 hadi 150 kwa kila kilo ya sufu kavu, na hapa ninasisitiza matumizi ya mizani, kwa sababu anayetia shabu kwa kukadiria kwa kiganja hupata sufu inayonata vidoleni. Anayezidisha chuma, ambacho nacho hutiwa sufuriani, ili apate rangi iliyokoza hupata sufu inayokwaruza na kukatika upesi.

Hata sufu iliyotiwa rangi kwa uangalifu wote huo haiko tayari kusokotwa pindi inapokauka, na hapa ndipo ninapopoteza subira, kwa sababu nimelieleza jambo hili katika kila darasa na bado mwanafunzi huanua sufu kwenye kamba na kwenda nayo moja kwa moja kwenye gurudumu la kusokotea. Maji yamezibana nyuzinyuzi, na uoshaji umeondoa mafuta ya asili yaliyokuwa yakizisaidia kuteleza. Sufu hiyo lazima ifunguliwe. Ikiwa ni mashungi, lifungue kila moja kwa vidole mpaka uone mwanga ukipita kati ya nyuzinyuzi, kisha lichane kwa brashi. Ikiwa ni mkanda uliokwisha kuchanwa kiwandani, upasue kwa urefu wake uwe vipande vinne, na kila kipande ukivute taratibu, sehemu baada ya sehemu, mpaka ukisikie kinaachia. Mikono yako iachane kwa umbali unaopita urefu wa unyuzi. Sufu ya kondoo wa Corriedale, ambayo ni ya kawaida katika nyanda zetu za juu, mara nyingi huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15, kwa hiyo mikono ikae umbali wa sentimita 20. Anayeweka mikono yake sentimita 8 huwa ameushika unyuzi ule ule kwa ncha zake mbili, naye huvuta kwa nguvu zote akishangaa kwa nini hausogei, hadi unakatika, kisha hulaumu rangi.

Sufu ikiwa kavu mno na inarukaruka, inyunyizie maji yenye matone machache ya mafuta ya zeituni usiku mmoja kabla ya kusokota, kisha uifunge ndani ya taulo; mafuta hayo yatatoka utakapoufua uzi. Mafuta ya nazi yanawafaa watu wa Pwani, lakini baridi ya asubuhi huku kwetu huyagandisha, nayo hufanya vinundu vyeupe kwenye sufu.

Dhana nyingine nitazipitia kwa haraka zaidi. Ipo ile isemayo kwamba uzi unavyozidi kukazwa ndivyo unavyozidi kuwa imara. Ni kweli kwamba msokoto ndio unaozishikanisha nyuzinyuzi, na ukiwa hautoshi uzi huachana, lakini ukipita kiasi uzi hujikunja wenyewe, hukwaruza shingo na hukatika kama waya uliopindwa mara nyingi. Zaidi ya hayo, nyuzi mbili zinaposokotwa pamoja kwa upande wa kinyume, kila mmoja hupoteza sehemu ya msokoto wake, na hiyo ndiyo sababu uzi wa kwanza husokotwa kwa kuzidisha kidogo na si kwa kuzidisha sana. Ulegeze uzi ulio kati ya mkono na gurudumu, uuache ujikunje wenyewe, nawe utaona katika mkunjo huo sura ya uzi wa nyuzi mbili utakaoupata. Kipimo hicho huchukua sekunde chache.

Wapo pia wanaoamini kwamba uzi unaochuja rangi hutibiwa kwa kulowekwa katika chumvi na siki. Siki hufanya kazi ndani ya sufuria, pamoja na joto, wakati rangi inapoingia katika unyuzi. Chumvi ina kazi yake katika rangi za pamba. Uzi ambao tayari unachuja una rangi ya ziada ambayo haikupata mahali pa kushika, nayo huondolewa kwa kusuuza mara kadhaa katika maji ya vuguvugu bila kuupikicha, hadi maji yawe meupe. Nao waliotumia bizari ya manjano au kiazisukari chekundu kwa kudhani kwamba kila rangi ya mmea hudumu wajue kwamba hizo mbili hufifia kwa jua hata zikitanguliziwa shabu. Maganda ya vitunguu ni bora zaidi.

Dhana kwamba rangi mbili nzuri zikichanwa pamoja hutoa rangi ya tatu iliyo nzuri imewaharibia wengi sufu ya thamani. Nyuzinyuzi hazichanganyiki kama maji ya rangi katika bakuli. Kila unyuzi hubaki na rangi yake, na jicho ndilo linalozichanganya kwa mbali. Ukichana nyekundu na kijani mpaka zilingane kabisa, utapata rangi ya udongo, kwa kuwa kila moja huizima nyenzake. Buluu na kijani, au nyekundu na chungwa, ambazo ni jirani, zinaweza kuchanwa kwa muda mrefu na bado uzi ukabaki na uhai. Anayezipenda nyekundu na kijani kwa pamoja azisokote mbalimbali, kisha aziunganishe katika uzi wa nyuzi mbili ambamo kila rangi itaonekana kwa zamu yake. Kabla ya kuchana kilo nzima, mimi huchana gramu 5, nazisokota, nazifua, na kuuning'iniza uzi huo dirishani siku nzima.

Nimalizie na dhana inayowaudhi wafugaji wa kondoo na wa mbuzi wa mohea, yaani wenye manyoya marefu ya kusokotwa, kwa pamoja, kwamba uzi wa mchanganyiko ni sufu bandia. Sufu iliyochanganywa na hariri hung'aa, iliyochanganywa na mohea haichakai upesi, na soksi yenye nailoni robo moja huhimili kisigino kuliko ya sufu tupu. Bandia ya kweli ni ile nyuzi ya dukani inayouzwa kwa jina la sufu ilhali yote ni akriliki, aina ya plastiki. Choma kipande kidogo: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kati ya vidole, akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kwa msokotaji, shida ya mchanganyiko iko kwingine. Rangi zinazotumika kwa sufu pamoja na siki hushika pia hariri, mohea na nailoni, lakini hazishiki pamba wala poliesta, hivyo anayechana sufu na pamba kwanza kisha akatia rangi hupata uzi wenye madoa meupe. Kila aina itiwe rangi inayoifaa peke yake, kisha ndipo zichanwe pamoja. Urefu wa nyuzinyuzi nao ukaribiane, kwa sababu pamba ya sentimita 3 haiwezi kwenda pamoja na sufu ya sentimita 15. Ile ndefu hutangulia na ile fupi hubaki mkononi kama donge.

Sufu nyekundu ya yule mama tuliishughulikia kwa kanuni hiyo. Tuliikata kwa makusudi pale ilipokuwa dhaifu, tukatupa ncha fupi, na sehemu iliyobaki tukaichana nusu kwa nusu na sufu ya kijivu yenye urefu unaolingana nayo. Ilitoa uzi mnene, mwepesi, wenye wekundu uliotulia kama wa matofali ya zamani. Hautafaa kwa sweta la mtoto anayekimbia kutwa nzima, kwa kuwa nyuzinyuzi zake ni fupi na utajaa vidonge vya manyoya viwikoni, kwa hiyo ameamua kuufuma shali ya mama mkwe wake, na sweta litasubiri manyoya ya msimu ujao. Fedha ya rangi nilimrudishia nusu. Kosa langu lilikuwa kulipokea gunia lile bila kulikagua, na tangu siku hiyo sipokei sufu ya mtu kabla sijavuta mashungi matano sikioni, mbele ya mwenye nayo.