Subira maana yake nini hasa?

Subira ni neno lililotoka Kiarabu, likazoeleka kwetu hadi tukawapa watoto wa kike kuwa jina. Lakini mwambie kijana anayetafuta kazi "kuwa na subira" uone uso wake. Anachosikia ni "kaa kimya, zamu yako itafika".

Nenda mwalo wa Igombe, wavuvi wanapoegesha mitumbwi, pale Ilemela, Mwanza, siku za mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa hufuata mwanga, wavu ukawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, taa haina tena cha kuwavutia. Basi mitumbwi hulala nchi kavu siku kadhaa mpaka giza lirudi.

Sasa watazame wavuvi mchana. Mmoja amekaa kivulini, wavu umemfunika magoti, anashona kiraka. Macho ya wavu ni madogo hata kidole cha mwisho hakipiti. Mwenzake anashindilia pamba kwenye mianya ya mbao, kwa patasi na nyundo, maji yasiingie. Wanaolipwa kwa mgawo wa mavuno hawapati kitu leo, kwa kuwa hakuna mavuno. Hata hivyo mikono haijatulia.

Hiyo ndiyo subira: kukubali kwamba mwezi huuwezi, huku wavu ukiendelea kuushona. Aliyeacha wavu anangoja tu. Na yule anayewasha taa chini ya mwezi mpevu, akarudi na nusu ndoo? Huyo ni mbishi, ingawa mitaani tunamsifu kuwa mpambanaji.

Uvumilivu ni jirani wa subira, ila wenyewe unahusu maumivu. Mama aliyeanika dagaa wakanyeshewa, akawauza kwa bei ya chakula cha kuku, anavumilia.

Tatizo ni kwamba mwezi una hesabu yake, siku 29 na nusu hivi, na ahadi ya mtu haina. Binamu yangu aliahidiwa kazi mahali fulani hapa mjini, akaambiwa asubiri barua. Akajipangia miezi sita, na katika miezi hiyo akawa anashinda kwa fundi wa injini za mitumbwi, Kirumba, akimshikia spana bila malipo. Mwezi wa saba alianza kulipwa. Barua bado haijafika.